Mtoto Anapoomba Mafunzo ya Kazi Ughaibuni: Kibali Kwanza, Mshahara Baadaye

Habari ya mtoto kwenda kusoma ng'ambo huufurahisha ukoo mzima. Wazee huitwa, begi hununuliwa, na majirani hufika uwanja wa ndege kumsindikiza. Mwaka mmoja au miwili ukipita, mtoto hupiga simu na kusema, "Mama, naomba nafasi ya mafunzo katika kampuni moja, na wanalipa." Katika sentensi hiyo wengi wetu tunashika neno moja tu: wanalipa. Toka siku hiyo ada za wadogo zake, bati za nyumba ya bibi na deni la duka vyote huanza kuelekezwa kwake.

Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya mafunzo hayo ya kazi: ni kitu gani, huombwa vipi, na sheria inasemaje. Zaidi ya yote tunataka kuangalia sehemu yetu sisi wazazi tuliobaki nyumbani, kwa sababu maneno ya mama kwenye simu yanaweza kumsaidia mtoto amalize masomo, na yanaweza pia kumsukuma apoteze kibali chake.

Hatuwezi kuzieleza nchi zote katika kurasa hizi chache, kwa hiyo tutaichukua Ujerumani iwe mfano wetu. Vyuo vikuu vingi vya serikali vya nchi hiyo havitozi ada ya masomo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Tena milango ya kazi huko inazungumzwa sana katika nchi zetu, hasa tangu Kenya na Ujerumani zilipotia saini mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi mjini Berlin mnamo Septemba 2024.

Mafunzo ya kazi ni nini?

Ni yale ambayo vijana wetu wa vyuo hapa Tanzania huyaita fildi. Mwanafunzi wa uhandisi huenda kiwandani, wa uhasibu huenda ofisini, wa maabara huenda maabara. Sisi wauguzi twaijua habari hii vizuri. Mwanafunzi wa uuguzi anaweza kueleza darasani hatua zote za kufunga kidonda, lakini mkono wake hujifunza wodini, akisimamiwa na aliyemtangulia. Kule Ujerumani mafunzo ya namna hii huitwa Praktikum.

Yapo mambo mawili ambayo watu huyachanganya na haya. La kwanza ni kibarua cha mwanafunzi, kama kuosha vyombo hotelini au kupanga bidhaa dukani. Hicho ni cha kutafuta fedha ya kula, wala si lazima kihusiane na masomo. La pili ni mafunzo ya ufundi yaitwayo Ausbildung, yakiwamo ya uuguzi, ambayo huchukua miaka mitatu hivi, na mwanagenzi hulipwa posho kila mwezi tangu mwaka wa kwanza. Anayekwenda kwa njia hiyo hupewa kibali cha namna nyingine. Kwa hiyo ukisikia kwamba mtoto wa jirani analipwa tangu siku ya kwanza, usimwambie wako aliye chuo kikuu kuwa amezubaa. Huenda hawa wawili wamepita milango tofauti.

Ya lazima au ya hiari?

Hili ndilo swali la kwanza ambalo mtoto anatakiwa kulijibu kabla ya kutia saini mahali popote. Sheria ya Ujerumani huyagawa mafunzo haya katika mafungu mawili, na kila fungu lina faida na hasara yake.

Mafunzo ya lazima, Pflichtpraktikum, ni yale yaliyoandikwa katika taratibu za masomo ya chuo, ambayo bila hayo mwanafunzi hapati shahada. Vyuo vikuu vya sayansi tumizi mara nyingi hutenga muhula mzima kwa ajili yake. Mafunzo haya hayahesabiwi katika siku za kazi ambazo mwanafunzi mgeni ameruhusiwa. Lakini mwajiri halazimiki kumlipa kima cha chini cha mshahara. Kampuni nyingi hutoa kitu, nyingine hutoa kidogo, na nyingine hazitoi kabisa.

Mafunzo ya hiari ni yale ambayo mwanafunzi huyatafuta mwenyewe ili apate ujuzi. Yakizidi miezi mitatu, mwajiri anatakiwa kulipa kima cha chini cha mshahara tangu siku ya kwanza. Kima hicho kilikuwa euro 12.82 kwa saa mwaka 2025, na kuanzia tarehe 1 Januari 2026 kikawa euro 13.90. Mtu akifanya saa 40 kwa wiki hupata kiasi cha euro 2,400 kwa mwezi kabla ya makato. Yakiwa ya miezi mitatu au pungufu, sheria inaweza kumruhusu mwajiri alipe chini ya hapo. Na mafunzo ya hiari, hata yale yasiyolipwa, huhesabiwa katika siku za kazi za mwanafunzi.

Liko na jambo jingine linalowanasa vijana. Chuo kikidai miezi mitatu, na kampuni ikampenda mtoto ikamwongezea miezi mingine mitatu, ile nyongeza si ya lazima tena. Ni ya hiari, na siku zake zinaanza kuhesabiwa.

Hesabu ya siku 140

Tangu Machi 2024, mwanafunzi anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa kufanya kazi siku nzima 140 kwa mwaka, au nusu siku 280. Kabla ya hapo zilikuwa 120 na 240. Siku ya saa nne au pungufu ni nusu siku. Kazi ndogo za chuoni, kama kumsaidia mwalimu katika utafiti, haziingii katika hesabu hiyo.

Hebu tupige hesabu pamoja kama tunavyofanya sokoni. Mtoto amepata mafunzo ya hiari ya miezi sita, siku tano kila wiki. Wiki 26 mara siku 5 ni siku 130. Katika zile 140 amebakiwa na siku 10 tu. Sasa mama, ukimwambia, "Mwanangu, kwa nini usitafute na kibarua cha Jumamosi, mdogo wako amerudishwa shule?" unamtuma avuke mstari ndani ya miezi michache. Yako masharti mengine ya kuhesabu wiki za muhula na wiki za likizo, hivyo kila mwanafunzi apige hesabu yake pamoja na ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chake. Lakini mfano huu unatosha kutuonyesha kwamba siku zenyewe si nyingi.

Anayetaka kuzidisha siku hizo anatakiwa kupata ruhusa kwanza kwenye ofisi ya wageni ya mji anaoishi, ambayo huitwa Ausländerbehörde, na idara ya kazi nayo hushirikishwa. Akifanya bila ruhusa, amefanya kazi kinyume cha sheria. Anaweza kutozwa faini, na jambo hilo linaweza kumletea matatizo siku ya kuongeza kibali cha kuishi. Kujiajiri, kwa mfano kupeleka vyakula kwa baiskeli kwa jina lake mwenyewe au kuuza biashara, nako kunahitaji ruhusa ya pekee. Masharti yote huandikwa katika kibali au katika karatasi inayoambatana nacho. Mwombe akusomee kwenye simu. Atakaposoma kwa sauti, naye ataelewa vizuri zaidi.

Namna ya kuomba nafasi

Maombi mazuri huanza mapema. Kampuni kubwa huchagua watu miezi kadhaa kabla ya kazi kuanza, kwa hiyo miezi sita si mingi. Mtoto aanzie kwenye ofisi ya ushauri wa kazi ya chuo chake na kwa walimu wake, ambao mara nyingi wanafahamiana na viwanda vya karibu. Kwa wanafunzi wa uhandisi na sayansi liko shirika la IAESTE, lililoanzishwa mwaka 1948, ambalo hubadilishana wanafunzi baina ya nchi na nchi kwa mafunzo ya kazi yenye malipo. Njia hiyo inaweza kumfaa hata kijana anayesoma nyumbani.

Mwajiri hutaka barua ya maombi, maelezo ya maisha na masomo katika ukurasa mmoja au miwili, nakala za vyeti, matokeo ya mitihani ya chuo, na karatasi ya kuthibitisha kuwa mwombaji ni mwanafunzi aliyeandikishwa. Kwa mafunzo ya lazima huongezwa barua ya chuo inayosema hivyo. Barua isiwe moja iliyonakiliwa kwa kampuni 50. Ieleze kazi ya kampuni ile, kitu ambacho mwanafunzi amekisoma kinachohusiana nayo, tarehe anazoweza kuanza na kumaliza, na kama mafunzo ni ya lazima au ya hiari. Mwajiri akiona mambo hayo yamepangwa, hupata moyo wa kumwita kwenye usaili.

Lugha nayo ina uzito. Ziko ofisi, hasa za kompyuta na utafiti, zinazotumia Kiingereza, lakini sehemu nyingi hutaka Kijerumani cha kuzungumza na wateja na mafundi. Kijana anayesoma kwa Kiingereza akaacha kujifunza Kijerumani huwa amejifungia nafasi nyingi mwenyewe.

Sisi nyumbani tuna msaada wa kutoa. Tutunze vyeti halisi vya kidato cha nne na cha sita mahali pakavu, pasipo na mchwa. Tuangalie kama jina lililo katika cheti cha kuzaliwa limeandikwa sawasawa na lile la pasipoti, maana herufi moja ikipungua huweza kuchelewesha shughuli kwa majuma. Akihitaji nakala iliyothibitishwa na wakili, twende siku hiyo hiyo, tusisubiri wiki ya sherehe ipite.

Nafasi ikipatikana, apewe mkataba wa maandishi kabla ya kuanza. Mkataba utaje kazi atakayojifunza, tarehe ya kuanza na kumaliza, saa za kazi kwa siku, malipo na siku za mapumziko. Asianze kazi kwa ahadi ya mdomo.

Tuwajue walaghai

Penye uhitaji matapeli hawakosi. Hutuma barua nzuri yenye nembo ya kampuni kubwa, wakisema kijana amechaguliwa bila hata kuulizwa swali moja. Kisha hudai fedha ya kuhifadhi nafasi, ya kushughulikia viza, au ya vifaa vya kazi. Mara nyingine hawamwandikii mtoto, humpigia mama yake, kwa kuwa wanajua mama atauza kuku na kitenge ili mwanawe asikose.

Akina mama, mwajiri wa kweli humlipa mwanafunzi, hamdai fedha ili ampe kazi. Tukiombwa fedha ya namna hiyo, tusitume hata shilingi kwa simu. Kwanza tumweleze mtoto, naye aende ofisi ya wanafunzi wa kigeni akaulize. Kampuni za Ujerumani huandikwa katika daftari la umma linaloitwa Handelsregister, na mtu yeyote anaweza kulitazama katika intaneti. Lakini jina kuwamo daftarini halitoshi, maana tapeli anaweza kuiba jina la kampuni ya kweli. Mtoto atafute mwenyewe anwani na simu ya kampuni hiyo, apige, aulize kama barua ile imetoka kwao. Tena asimpe mtu pasipoti yake aishike, wala asitume namba za benki kwa mtu asiyemfahamu.

Mshahara ukipatikana

Hapa ndipo tunapotaka kusema kwa uwazi zaidi. Mwanafunzi anayeomba viza ya Ujerumani hutakiwa kuonyesha kwamba anazo fedha za kujikimu. Wengi huweka fedha hizo katika akaunti maalumu iliyofungwa. Kiwango kilichowekwa tangu Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, na mwenye akaunti huruhusiwa kuchukua euro 992 kila mwezi. Wengine huonyesha ufadhili wa masomo au mdhamini.

Jambo ambalo wazazi wengi hatulijui ni kwamba swali hilo halikuulizwa mara moja tu. Kibali kikikaribia kwisha, mtoto atarudi ofisi ya wageni, na ataulizwa tena: fedha za kuishi mwaka ujao ziko wapi? Yule aliyetuma kila senti nyumbani huenda akafika mbele ya meza ile mikono mitupu. Tutakuwa tumepata bati za nyumba, na mtoto amekosa kibali cha kuendelea na masomo. Kwa hiyo fedha ya mafunzo ina kazi ya kwanza, nayo ni kumweka mtoto masomoni kihalali: kodi ya chumba, chakula, bima ya afya ambayo ni ya lazima, michango ya muhula, na akiba ya kuongezea kibali. Kinachobaki ndicho cha kuzungumziwa.

Hatusemi mtoto asiwakumbuke wazazi. Mila zetu ni njema, na mtoto anayetuma kitu nyumbani hubarikiwa. Tunasema kila jambo lina kipimo chake. Sisi wauguzi hatumpi mgonjwa dawa zote kwa siku moja ili apone upesi. Dawa ileile inayoponya ikizidi kipimo hudhuru. Zaidi ya hayo tunajua mwili usiolala unavyokuwa. Kijana anayeshinda kazini, akalala saa tatu, akaamkia darasani wakati wa baridi, hukosa hamu ya kula, huumwa kichwa, hukasirika ovyo, na mwisho hufeli mtihani. Kwenye simu atasema, "Sijambo, mama." Msikilize sauti.

Hata mafunzo yasiyolipa vizuri yasidharauliwe. Mwanafunzi akimaliza shahada yake Ujerumani anaweza kupewa kibali cha hadi miezi 18 ili atafute kazi inayolingana na elimu yake. Katika miezi hiyo, barua ya sifa kutoka kwa mwajiri aliyemfundisha ni mali. Haraka haraka haina baraka, na kijana aliyefanya mafunzo yake kwa utaratibu mara nyingi huanza kazi akiwa na jina jema.

Kama mtoto yuko nchi nyingine

Sheria hutofautiana, wala tusimpe aliye London ushauri tulioupata kwa aliye Berlin. Uingereza kwa kawaida humruhusu mwanafunzi wa shahada anayesoma muda wote kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Kanada iliweka saa 24 kwa wiki nje ya chuo tangu Novemba 2024, na mafunzo ya kazi yaliyo sehemu ya kozi yana taratibu zake. Marekani kwa kawaida haimruhusu mwanafunzi kufanya kazi nje ya chuo katika mwaka wake wa kwanza, na baadaye ni mpaka apate idhini. Sheria hizi hubadilika, hivyo mtoto aulize ofisi ya chuo chake kila mara kabla ya kuanza kazi.

Maneno ya mama kwenye simu

Tukae na waume zetu, tukubaliane sauti moja, maana mtoto akisikia baba anasema "soma" na mama anasema "tuma", atachanganyikiwa. Mashangazi na wajomba nao waelezwe. Mtoto asiachwe peke yake kuwajibu ndugu 12 wanaomwona ana mti wa fedha.

Kisha tubadili maswali yetu. Badala ya "Wanakulipa kiasi gani?" tumwulize: Mafunzo hayo ni ya lazima au ya hiari? Chuo kimejua? Umebakiwa na siku ngapi za kazi mwaka huu? Mkataba umeusoma wote? Kibali chako kinakwisha lini, na akiba ya kukiongeza umeshaanza kuiweka? Unalala saa ngapi?

Mwenzetu mmoja katika kikundi chetu cha akina mama aliyaandika maswali haya nyuma ya kalenda iliyo ukutani, karibu na mahali anapochajia simu. Mwanawe akipiga, huyasoma moja baada ya jingine. Alituambia kwamba siku ya kwanza kijana alicheka. Siku ya pili alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, afadhali umeuliza. Kesho nitakwenda ofisi ya chuo kabla sijatia saini."